Soprano wangu wamegeuzwa marefa! Hizi programu za kuandikia nota zinatuchukuliaje?

Wakuu, habari za usiku. Usingizi umegoma, acha niitoe hii.

Nina programu ya kuandikia nota, ya kununua kwa hela yangu, siyo ya kukraki. Jina silitaji. Wiki tatu nimehangaika na wimbo wa Jumapili ya mavuno, mistari 17: filimbi mbili, klarineti mbili, tarumbeta mbili, trombone mbili, marimba, halafu soprano, alto, teno na besi, chini yao vayolini mbili, chelo na kontrabesi. Juzi nikatoa faili la MIDI, lile la kuchezesha wimbo kwenye kompyuta, nikamrushia mpiga kinanda wetu aanze kujifua. Hazikupita dakika tano akapiga simu: "Mwalimu, hii ni kwaya au mechi?"

Nikafungua mwenyewe. Soprano wanaingia kutoka juu, do-ti-la-so, wimbo uko kwenye C. Do: kipenga kirefu. Ti: kipenga kifupi. La: kitu kinachakacha kama kayamba. So: kengele ya agogo. Mstari mzima wa "tunakushukuru" unaamuliwa na refa!

Jana fundi wa mtaani akaniambia ni virusi. Akapiga Windows upya, elfu 20 ikaenda. Kipenga kipo palepale.

Nimekesha nikichimba mpaka nimeelewa, na ndipo hasira zimepanda zaidi. Faili la MIDI halibebi sauti hata chembe. Linabeba maagizo tu: chaneli (njia ya kupitishia maagizo) fulani, piga nota fulani, kwa nguvu kiasi hiki. Chaneli zenyewe ni 16 tangu 1983, na General MIDI, yaani kanuni ya pamoja ya kupanga sauti, ilipokuja 1991, ya 10 wakaikabidhi ngoma. Humo ndani nota haikupi kimo cha sauti, inakuchagulia cha kugonga. C ya kati ni ngoma ndogo ya bongo. Ukipanda juu unakutana na vipenga.

Sasa programu yangu imegawa chaneli kwa kufuata mistari kutoka juu kwenda chini. Wa kumi ni nani? Soprano! Haikuuliza wala haikuonya. Hii hii programu nikizidisha nusu pigo kwenye baa moja inanipigia makelele na rangi nyekundu, lakini kuwatupa soprano kwenye ngoma imeona sawa tu.

Halafu kontrabesi, mstari wa 17. Chaneli zimeisha, ikamrudisha ya 1 akae na filimbi ya kwanza. Chaneli moja hushika sauti ya ala moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila nikimwekea kontrabesi sauti yake, filimbi hiyo nayo inanguruma. Siku mbili nadhani nimelogwa.

Na namba za kuchagulia sauti ya ala? Ziko 128. Orodha niliyonakili inahesabu kuanzia 0, programu inahesabu kuanzia 1. Nikaandika 19 nipate kinanda cha kanisani, nikapewa cha bendi ya roki. Cha kanisani kwao ni 20. Kwenye dirisha lenyewe hakuna hata neno moja la kukwambia wanaanzia wapi.

Niliwaandikia wauzaji. Jibu: "Tunapendekeza ununue toleo jipya." Yaani nilipie tena ili soprano waimbe?

Na wale wa "soma mwongozo" msijisumbue, nimeusoma. Chaneli ya 10 imetajwa mara moja, kwenye jedwali la mwisho.

Nilichofanya: nimefungua mikisa (dirisha la kupangia sauti ya kila mstari), filimbi zote mbili nikaziweka ya 1 maana sauti yao ni moja, klarineti zote ya 2, tarumbeta ya 3, trombone ya 4. Nafasi zikapatikana, soprano nimewahamishia ya 6, ya 10 nimeiacha tupu. Imekubali. Ila nikifunga na kufungua tena, inajipangia upya kama mwanzo! Kuna mwenye kujua mpangilio huu unahifadhiwa wapi? Mazoezi ni kesho saa kumi.