InnoDB: kurasa za 4K au 16K? Seva mpya inawashwa Jumamosi

kibanda_it: Habarini wakuu. Ofisi imenunua seva mpya yenye diski za NVMe (SSD za kasi), Jumamosi nahamishia hifadhidata yetu ya MySQL huko. Kurasa za InnoDB (injini ya MySQL inayohifadhi data kwa vipande vya ukubwa mmoja, ndiyo kurasa) kwa kawaida ni 16K, yaani kilobaiti 16, ila nimesoma 4K inaendana zaidi na SSD. Nichague ipi? Ukishaanzisha hifadhidata hakuna kubadili. Nawasilisha.

mzee_wa_tebo: Mkuu, hujatupa kitu. RAM kiasi gani? Data kiasi gani? Mnasoma zaidi au mnaandika zaidi?

pgdaima: Hamia hifadhidata ya Postgres, kurasa zake za 8K zinatosha kila mtu.

mzee_wa_tebo: Kaulizia MySQL.

fundi_mwanza: Ndugu, 4K iliniliza. Nilikuwa nahamisha mfumo wa duka la jumla, Ijumaa usiku, narudisha bakapu. Tebo ya wateja ikagoma: kosa 1071, ufunguo umezidi baiti 768. Ilikuwa faharasa ya kipekee (orodha ya kutafutia isiyoruhusu marudio) ya barua pepe, VARCHAR(255), yaani herufi hadi 255, kwa utf8mb4, ambayo herufi moja hufika baiti 4. Piga 255 mara 4, unapata 1020. Kwenye 16K kikomo ni 3072, ndiyo maana sikuwahi kukutana nacho. Nikaifupisha, ikapita. Tebo iliyofuata ina safuwima nyingi, nayo ikakataa, kwa sababu rekodi moja haitakiwi kufikia nusu ya ukurasa. Saa kumi alfajiri nikafuta saraka nzima ya data nikaanza upya na 16K. Duka linafunguliwa, mimi bado naingiza mauzo ya juzi.

salama_dev: Hizo NVMe ziko juu ya mfumo wa faili wa ZFS? Bloku zake kwa kawaida hufika 128K, kwa hiyo ukibadilisha ukurasa wa 16K inaandika upya bloku nzima. Rekebisha hapo kwanza.

kibanda_it: Ni ext4. RAM 64GB, data kama 40GB, mauzo mchana kutwa. Funguo kuu (vitambulisho vya kila rekodi) ni UUID, namba ndefu zisizogongana.

mzee_wa_tebo: Hayo ndiyo ungeanza nayo! Data yote inaingia kwenye RAM, basi kusoma hakutatofautiana sana. Shida ni UUID: hazifuatani, kila risiti inatua ukurasa wake, na baiti mia mbili zinachafua 16K nzima, lazima iandikwe upya.

pgdaima: Si ndiyo hoja ya kutumia 4K hiyo?

mzee_wa_tebo: Ni hoja ya kubadili funguo. Weka namba za kufuatana.

salama_dev: Matawi yanaingiza risiti bila mtandao, namba zitagongana. Toleo la 7 la UUID linatanguliza muda, linaandika kwa mfuatano. Mnatumia toleo gani?

kibanda_it: La 4, programu ndiyo inazizalisha. Leo usiku najaribu bakapu kwenye 8K nione faharasa zipi zinagoma.

fundi_mwanza: Kikomo hapo ni 1536. Anza na tebo ya wateja.