Tupeane uzoefu: enzi za "nirushie" mpaka leo, nini kilikukuta ukirusha au ukipokea mafaili kwenye simu?

Kiroboto Mpole:
Wakuu, jana kwenye daladala dogo mmoja wa sekondari kamwambia mwenzake "nirushie hiyo ngoma". Mwenzake akamjibu "si uingie mtandaoni ukaisikilize". Nikabaki nacheka peke yangu. Tuliokaa hosteli tunajua kurushiana kulikuwa nini. Simu moja ina movie mpya, chumba kizima kimepanga foleni, mwenye simu ndiye mfalme mpaka chaji imwishie. Kuanzia infraredi, bluetooth, SHAREit, Xender, mpaka hii Quick Share ya sasa. Mwageni yenu.

Bin Mchangani:
Infraredi usiitaje kirahisi rahisi mkuu. Simu mbili unazilaza kichwa kwa kichwa juu ya meza, halafu hakuna kupumua. Mtu akipita akigusa meza tu, imekatika, anzeni upya. Na hapo mnarushiana mlio wa simu, wala siyo wimbo.

Jicho la Tatu:
Nakazia.

Mama Pacha:
Bluetooth je? Dada yangu alikuwa anarushiwa albamu ya kwaya. Tumepika, tumekula, tumeosha vyombo, bado wimbo wa nne. Na ole wako upokee simu katikati.

Kipanga wa Bara:
Mnaisahau ile ya kugusanisha migongo ya simu. Android Beam, ilikuja na Android 4.0 mwaka 2011. Mnabandika simu mgongo kwa mgongo, zinatetemeka, mnajiona mko mwaka 3000. Kumbe migongo inasalimiana tu, faili lenyewe linapita bluetooth ile ile ya kwaya ya Mama Pacha. Ilipofika Android 10 wakaitupa.

Mjomba Kasulu:
Ngoja niwape yangu maana hii mada imenikumbusha mbali.

Harusi ya dada yangu ilifanyika Dar, bwana harusi kwao Kasulu. Wazee wa kule hawakuweza kuja wote, kwa hiyo shemeji mdogo akapewa jukumu, arudi na video wazee waione. Mpiga video naye akaleta kazi usiku wa kuamkia safari. Faili moja tu, refu, GB 5.8, akaniwekea kwenye simu yangu. Kulituma kwa mtandao haiwezekani, bando lingekata kabla bibi harusi hajaingia ukumbini.

Alfajiri tuko stendi ya Mbezi, basi linaunguruma. Shemeji yuko kiti cha dirishani, mimi nimesimama chini, simu nimeinyanyua usawa wa dirisha. Zikaunganika bila shida, kasi safi kabisa. 40, 50, 60. Ilipofika asilimia 69, ikagoma. Tukarudia. Ikaja mpaka 69, ikagoma tena. Abiria wanazidi kupanda, shemeji ameanza kuniangalia vibaya, nahisi moyoni anasema ukweni hawataki tuione hii video. Ananionyesha memori kadi yake, GB 32, na zaidi ya nusu iko wazi. Kweli iko wazi!

Kijana mmoja kiti cha nyuma, wa kushuka Tabora, akauliza: "Broo, mnahifadhi kwenye simu au kwenye kadi?" Kwenye kadi. Akasema hapo hata mkirudia mpaka jioni. Hiyo kadi imefomatiwa FAT32, faili moja likizidi GB 4 haipokei, hata iwe tupu. Mnapiga hesabu? 4 kwa 5.8, ndiyo hiyo 69 yenyewe. Na ndani ya simu ya shemeji kumebaki nafasi ya picha mbili tatu, kwingine kote kumejaa magemu.

Yule kijana akasema "nirushie mimi, nitampa njiani akishafuta". Nikaanza upya kwa mtu nisiyemjua hata jina. Basi likaanza kurudi nyuma, mimi natembea nalo ubavuni, mkono juu, watu wananifokea "we bwana utakanyagwa!" Kilichotuokoa ni foleni ya mabasi kwenye kutoka. Ilifika 100 tukiwa tumekaribia geti. Shemeji alianza kufuta magemu wamefika Morogoro, Dodoma bado anafuta.

Jicho la Tatu:
Kwa hiyo harusi yenu yote iko Tabora.

Mjomba Kasulu:
Alisema amefuta. Sasa tumfanyeje.

Fundi wa Ghorofani:
Kijana wa Tabora alikuwa sahihi. Kadi za GB 64 kwenda juu kwa kawaida huja na exFAT, hiyo haina kikomo cha GB 4. Za GB 32 kushuka chini ndizo FAT32. Unaweza kuifomati upya kwenye kompyuta, ila hamisha vitu vyako kwanza, kufomati hakubakizi kitu. Na kuna simu za bei ya chini hazisomi exFAT kabisa, jaribu kabla hujasafiri.

Msafiri Hafiki:
Uongo. Mimi kadi yangu ni GB 32 na ina movie ya saa tatu iliyotafsiriwa.

Fundi wa Ghorofani:
Hiyo movie ni GB ngapi? Movie za vibandani hazifiki hata GB 1, ndiyo maana nyuso huzioni vizuri.

Msafiri Hafiki:
Sawa profesa. Ila hizi programu za kurusha nimeachana nazo, zinakula bando kimya kimya.

Kipanga wa Bara:
Hazili bando! Simu moja inajigeuza hotspoti, nyingine inaingia humo, faili linapita baina yao tu. Hata Kitulo mlimani bila mnara linapita.

Msafiri Hafiki:
Mbona langu liliisha? Au lilikunywa maji?

Fundi wa Ghorofani:
Wote mna haki. Kurusha kwenyewe hakuli kitu. Ila ukiacha data imewashwa, matangazo yanajipakua yenyewe humo ndani. La pili, kama ulifungua hotspoti ya kawaida kwa mkono wako, yule mwenzako alikuwa kwenye mtandao wako. Simu yake ikaona Wi-Fi, ikafurahi, ikaanza kusasisha programu zake zote kwa pesa yako. Zima data kwanza, ndipo urushe.

Mama Pacha:
Na kwa nini zinalazimisha niwashe mahali nilipo? Kurusha wimbo kunahusiana nini na mahali nilipo? Ujasusi huo.

Fundi wa Ghorofani:
Mama Pacha, hiyo ni sheria ya Android yenyewe. Kuanzia Android 6, programu ikitaka kutafuta Wi-Fi na bluetooth za jirani lazima iombe ruhusa ya mahali, kwa sababu ukijua Wi-Fi zilizo karibu na mtu unaweza kujua alipo. Android 12 ikaja na ruhusa ya peke yake ya vifaa vya karibu kwa upande wa bluetooth, Android 13 ikamalizia Wi-Fi.

Kipanga wa Bara:
Ila usimtulize sana. India ilifungia programu 59 Juni 2020, SHAREit na Xender zote zilikuwemo. Na Februari 2021 Trend Micro, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakatangaza matundu ya usalama kwenye SHAREit ya Android. Programu iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja!

Bin Mchangani:
India walikuwa na ugomvi wao wa mpaka na China. Wewe una siri gani kwenye simu, picha za mbuzi?

Kipanga wa Bara:
Mbuzi wangu waheshimu.

Bint Pongwe:
Haya, wekeni kadi na mbuzi pembeni niwasimulie.

Idd moja tumekusanyika kwa mama, Tanga. Picha zote za familia zimepigwa kwa simu yangu, kila mtu anazitaka. Nikafungua ya kurusha, ikaanza kutafuta simu za jirani, nami naisoma orodha kwa sauti ili kila mtu aseme yake. "Tecno Spark ya nani?" Yangu, anti. "Mama Salma?" Mimi hapa. "Mume wa Zai?"

Kimya.

Nikadhani hawajasikia kwa ajili ya televisheni. Nikapaza: "Mume wa Zai ni nani jamani, apokee!" Sebule imejaa, na ukoo wetu mzima hauna Zai. Mama akaacha kumenya chungwa. Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, anatazama dari. Dada akanyoosha mkono taratibu, akaichukua simu ya mumewe iliyokuwa juu ya stuli. Kwenye kioo kimeandikwa: kubali au kataa.

Jicho la Tatu:
Nimeweka kambi hapa. Nani ana kahawa?

Mama Pacha:
Uuuuwi! Akakubali au akakataa?

Msafiri Hafiki:
Chai hii. Ina mpaka tangawizi.

Bint Pongwe:
Chai kunywa wewe. Shemeji akajitetea kwamba simu kainunua mtumba, jina ni la mwenye nayo wa zamani.

Bin Mchangani:
Inawezekana kabisa. Mbona mnamhukumu mzee wa watu?

Fundi wa Ghorofani:
Haiwezekani kirahisi. Simu ikifutwa yote, jina linarudi lile la kutoka kiwandani, yaani jina la modeli. Likibaki "Mume wa Zai" maana yake hakuna aliyeifuta.

Bin Mchangani:
Kuna wauzaji wangapi wa mtumba hawafuti? Nimewahi kununua simu nikakuta mpaka meseji za kikoba.

Bint Pongwe:
Mdogo wetu wa kiume alisema hayo hayo ya Fundi, papo hapo, bila kuulizwa. Tatizo la hoja ya mtumba ni kwamba boksi la simu na risiti viko kwenye kabati la dada. Yeye ndiye aliyemnunulia. Mpya.

Bin Mchangani:
Najiondoa kwenye kesi.

Mama Pacha:
Ikawaje sasa???

Bint Pongwe:
Bosi amepita. Nitarudi nikitoka kazini.

Mswahili wa Likoni:
Huku Mombasa tumecheka mpaka basi. Ushauri wangu kwa Mume wa Zai na wenziwe: tumieni Quick Share ya Google. Ilianza Agosti 2020 ikiitwa Nearby Share, Januari 2024 ikaungana na ile ya Samsung. Unaweka ionekane kwa watu ulio na namba zao, au kwa kila mtu kwa dakika 10 halafu inajifunga. Ukishapokea, tafuta kwenye folda ya Download, usizunguke simu nzima.

Jicho la Tatu:
Tatizo lake siyo kuonekana ndugu yangu, ni Zai. Badilisheni jina la simu, liko kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu.

Msafiri Hafiki:
Yangu inaitwa "Deni Lako Lini". Hakuna anayejaribu kunirushia kitu.

Mama Pacha:
Mimi ushauri wangu tofauti, acheni kurushiana, tumianeni WhatsApp.

Kipanga wa Bara:
WhatsApp inabana picha, ukiikuza unaona viraka. Labda uitume kama hati, hapo inafika ilivyo.

Mgeni Rasmi:
Wakuu samahani nakatisha utamu. Nimerushiwa programu na rafiki, nikiifungua inaandika haijasakinishwa. Nimeanza upya mara kibao. Tatizo simu?

Fundi wa Ghorofani:
Siku hizi programu nyingi za Play Store hazishuki kama apk moja, yaani faili moja la kusakinisha, zinashuka vipande vipande kulingana na simu yako. Aliyekurushia huenda kachukua kipande kikuu tu.  Ipakue mwenyewe tu.

Mgeni Rasmi:
Bando sina, ndiyo maana nikarushiwa.

Msafiri Hafiki:
Omba hotspoti kwa Kipanga, yeye anasema haili kitu.