Wakuu naombeni ushauri, karboni naitraidi yangu inagoma kutoa kristali

kijana_wa_iwambi: Habari za usiku wakuu. Nipo Mbeya, mwaka wa mwisho, projekti yangu ni karboni naitraidi ile ya matabaka inayotumia mwanga kutoa haidrojeni kwenye maji, sasa supavaiza anataka kristali, hataki ule unga wa njano wa kuchoma melamini kavu. Nikachukua melamini gramu 1, kloridi ya lithiamu 4.5 na ya potasiamu 5.5, kikombe cha porselini, tanuru nyuzi 550 saa 4. Kutoa nakuta chumvi nusu imeyeyuka nusu punje, mlango wa tanuru umeota weupe kama sakitu ya Kitulo, na kipimo cha X-ray kinatoa piki moja nene tu pale pembe ya nyuzi 27, yaani kristali bado. Kloridi ya lithiamu imebaki kiduchu kwenye kopo, nakosea wapi?

Mnyaki_Original: Lithiamu ulipima ikiwa kavu?

kijana_wa_iwambi: Kopo lilishinda wazi mkuu na hizi mvua, ilikuwa imeshikana chini majimaji, nikakwangua nikapima hivyohivyo

Mnyaki_Original: Hahaha basi ulipima maji bwana mdogo. Kloridi ya potasiamu peke yake inayeyuka nyuzi 770, ya lithiamu 605, zikikutana kwa huo uwiano wako ndo zinashuka mpaka kama 350. Lithiamu ikipungua uwiano umekufa, punje zinabaki. Na kristali inajengeka ndani ya chumvi iliyo maji, vipande vinaungana vinaachana vinaungana tena mpaka vinakaa kwenye mstari, bila hivyo unachoma melamini kavu tu. Kausha oveni nyuzi 200 usiku kucha, pima fasta.

dada_mafinga: Huo weupe ni melamini imepaa mdogo wangu, hukufunika

fundi_gesi: Si uzibe tu kwenye bomba la chuma ulichomelee, hakuna kitakachotoka

dada_mafinga: Kaka usimuue mtoto wa watu!! Melamini ikiungana inatoa amonia, hiyo presha itaenda wapi? Wanaoziba wanatumia mrija wa kwatzi, kiasi kidogo, na wanajua wanachofanya. Na chumvi ya moto itakula chuma. Funika tu kwa kulegeza, tanuru likae chini ya kifyonza hewa, ikipoa loweka maji ya moto chumvi iondoke.

kijana_wa_iwambi: Asanteni sana, kumbe kopo tu. Hapa labu kifuniko kipo kimoja na kina ufa

dada_mafinga: Kinatosha hicho