Tupeane uzoefu: kupiga picha midoli ya mashujaa kwenye theluji

Mnyamwezi wa Minnesota: Wakuu, theluji imeshuka leo, nimemtoa Spider-Man sandukuni nikakumbuka vituko vya msimu uliopita. Mlio nchi za baridi mwageni yenu.

Mdau Turku: Viganja! Kiganja cha Batman kilichomoka Januari, nikakiokota Aprili theluji ilipoyeyuka. Mbwa wa jirani alishatafuna kidole.

Binti Tanga: Hapo kwenye viganja umenigusa.

Baba Zawadi: Yangu ilifika hadi zimamoto. Bustani moja hapa Minneapolis, asubuhi, hasi 18. Mnajua mdoli wa sentimita 15 ili aonekane jitu lazima lenzi ishuke usawa wa magoti yake, yaani wewe mwenyewe ulale kifudifudi. Nimelala. Koti jeusi, suruali nyeusi, sitikisiki, nasubiri upepo upeperushe theluji nyuma ya Stormtrooper wangu, yule askari mweupe wa Star Wars. Kumbe mama mmoja anayetembeza mbwa kaniona kwa mbali, kwake yeye pale pana maiti. Nasikia ving'ora, nikajua kuna ajali barabarani, nikaendelea na shughuli. Vikaja kuzimika mgongoni kwangu! Nageuka: wanaume wanne na machela. "Bwana, unatusikia?" Nawasikia sana, ila mnanikanyagia uwanja wa vita. Mmoja akainama, akamwona mdoli, akacheka hadi akashika magoti. Naye anakusanya! Akaomba amshike, akamkunja goti kidogo tu... ka! Mguu huo mkononi mwake, sote tunautazama. Na yule mama bado kasimama anauliza kama nimepona.

Mdau Turku: 😂😂 Alikulipa?

Binti Tanga: Amlipe vipi mtu aliyekuja kumfufua?

Chuma cha Pua: Mtu mzima na ndevu zako unalala chini na midoli. Nyumbani wanasubiri ada.

Mnyamwezi wa Minnesota: Wewe na mikeka yako ya kubeti kila Jumamosi nani kakuuliza?

Chuma cha Pua: Mkeka unaleta hela.

Mnyamwezi wa Minnesota: Lete risiti.

Oulu Mjini: Turudi kwenye mada. Ukimtoa mdoli ndani moja kwa moja ana joto, theluji inamyeyukia usoni kisha inaganda kama kioo. Mwache kibarazani nusu saa apoe kwanza.

Binti Tanga: Apoe ndiyo avunjike goti? Plastiki ya PVC ikipata baridi inakakamaa. Mimi wangu anakaa mfukoni mpaka dakika ya mwisho.

Oulu Mjini: Dada, mkunje mkao ukiwa ndani, halafu ndiyo apoe. Huko nje usimguse viungo.

Mdau Turku: Na msiiachie kamera ijiamulie mwanga, itawapa theluji ya kijivu. Pandisha mwanga stopu moja, yaani mara mbili ya ule iliouchagua kamera, jua likiwaka hata moja na nusu. Betri ya akiba kwapani.

Baba Zawadi: Kwapani 😂 Mfuko wa ndani wa koti unatosha mzee. Ila mkirudi nyumbani fungeni kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia, umande ushike mfuko na siyo lenzi.

Pwani Oslo: Mwenye Star Wars apande treni ya Bergen huku Norway ashuke kituo cha Finse, mlimani mita 1,222. Gari halifiki. Sayari ya barafu ya ile filamu yao ya 1980, The Empire Strikes Back, walipigia pale mwaka 1979. Dhoruba ilichachamaa mpaka wakaweka kamera mlangoni mwa hoteli, mwigizaji ndiyo akatoka nje. Nililala chini kama Baba Zawadi, hakuna aliyeshtuka. Pale wamezoea.

Mgumu wa Moshi: Huku napandisha wageni Kibo. Mmoja alibeba mdoli mpaka Uhuru, 5,895. Vidole vimekufa ganzi hawezi kumsimamisha, nikamsimamisha mimi. Betri ikazima kwenye picha ya kwanza. Akalia, walahi.

Chuma cha Pua: Kalipa dola zote hizo kulilia betri.

Mgumu wa Moshi: Bakshishi alitoa nzuri lakini.

Kijana Umoja: Sisi wa Nairobi bila theluji? Natumia beking poda, inakaa poa hadi nyayo zinaonekana. Shida ni mathe anaulizia mandazi.

Mnyamwezi wa Minnesota: Weka picha tuone. Na wewe Baba Zawadi, goti uliligundisha na nini? La wangu limeachia sasa hivi.