MREJESHO: Yale mafuta yangu ya alizeti yaliyokuwa yanachacha

Wakuu habari, mimi ndo yule wa Kibaigwa niliyeuliza mbona mafuta ya alizeti nayokamua yananuka baada ya wiki chache, mkanambia nijaribu rozimari (majani ya kiungo yenye harufu) au karafuu badala ya kukimbilia madawa ya dukani. Basi nikachukua chupa nne, moja mafuta matupu nikaiacha dirishani, moja mafuta matupu kabatini, zingine mbili nazo kabatini, moja ina majani ya rozimari yaliyokauka kabisa (kukauka muhimu jamani, maji yakiingia humo unaita balaa lingine) na nyingine karafuu.

Ya dirishani mwezi haukuisha, ukifungua tu inakupiga harufu kama ile rangi ya mafuta ya kupaka milango. Ya kabatini afadhali, ila wiki ya saba ikaanza. Ya rozimari mpaka leo wiki ya kumi iko poa!! Ya karafuu nayo haijachacha ila mke wangu kakaangia mchicha, mtoto kaonja akauliza mama umeweka dawa ya jino? Imeishia hapo hiyo.

Kilichonifungua macho, rozimari haifufui mafuta yaliyokwishaharibika, kemikali yake ya asili, asidi ya kanosiki, inachelewesha tu kuchacha, so inawekwa yakiwa mabichi. Na mimi kumbe nilikuwa nayaanika juani kwenye madumu meupe, nusu dumu hewa tupu, na mwanga na hewa ndo vinaharakisha kuchacha. Sasa hivi najaza mpaka shingoni, nafunika na turubai.

Anayeuza rozimari kavu kwa kilo Dodoma mjini anicheki.