Msaada: kozi ya rangi na jinsia chuoni California imenikaba, nijitoe?

Mgeni_Bondeni: Wakuu, heshima kwenu. Niko chuo cha serikali California, mwaka wa pili. Kuna kozi ya yuniti 3 ya historia ya jamii za rangi. Ijumaa natakiwa insha ya kurasa 5: rangi na jinsia zilitengenezwaje pamoja kisheria? Siku ya pili hii sina hata sentensi moja. Mimi Mtanzania, haya ya Wamarekani yananihusu nini? Nijitoe?

Bibi_Katiba: Ukijitoa utairudia tu. Sheria AB 1460 ya 2020 inamtaka kila mhitimu wa vyuo vya CSU (Chuo Kuu cha Jimbo la California) awe na yuniti 3 za somo hilo. Na uliheshimu, mwanangu. Wanafunzi wa San Francisco State, kimojawapo cha vyuo hivyo, waligoma tangu Novemba 1968 hadi Machi 1969 ndipo likaanzishwa.

Kobe_Taratibu: Umesajili yuniti ngapi muhula huu? Viza gani?

Mgeni_Bondeni: Tumalize insha kwanza, mkuu.

Mama_Nuru: Wengi huandika kurasa mbili za rangi, mbili za jinsia, kisha wanaziunganisha mwishoni. Maksi zinapotelea hapo. Tafuta sheria moja inayofanya kazi zote mbili. Virginia ilipokuwa koloni la Waingereza, 1662: mtoto afuate hali ya mama. Kwa desturi ya Kiingereza mtoto alimfuata baba. Waliigeuza makusudi, ili bwana akizaa na mtumwa wake, mtoto awe mtumwa, mali ya baba yake mzazi. Soma hapo polepole, utaona rangi na jinsia hazitenganishiki.

Kobe_Taratibu: Yuniti ngapi, kijana?

Mgeni_Bondeni: 12. Viza F-1. Na fomu ya kujitoa nimeshaijaza, imebaki kubonyeza. Ila nimeshapanga, pengo nitaliziba kiangazi.

Kobe_Taratibu: Usibonyeze! F-1 wa shahada ya kwanza anatakiwa yuniti 12 kila muhula. Ukishuka hadi 9 kabla afisa wa wanafunzi wa kigeni hajaidhinisha, umevunja masharti ya viza, na kiangazi hakifidii. Idhini kwanza, fomu baadaye. "Insha ngumu" peke yake haitoshi kupewa idhini.

Jicho_Kali: Hii chai. Kanuni ya yuniti 12 huelezwa siku za mapokezi, wewe mwaka wa pili huijui? Taja kesi mlizosoma wiki iliyopita.

Mgeni_Bondeni: Ozawa, Novemba 1922: Mjapani alinyimwa uraia kwa kuwa si mweupe, Mahakama Kuu ya Marekani ikasema "mweupe" ni Mkaukasi (jina la wataalamu wa enzi hizo kwa kundi la Wazungu, na hata Wahindi waliwekwa humo). Thind, Februari 1923: Mhindi akasema basi mimi ni Mkaukasi. Mahakama ileile ikamjibu kwamba mweupe ni yule ambaye mtu wa kawaida humwita mweupe. Kanuni niliijua, niliogopa kuiandika hapa. Nilipokwama ni hapa: kwenye kesi hizi wanawake wako wapi?

Jicho_Kali: Basi si chai. Samahani.

Mama_Nuru: Hilo ndilo swali lenyewe! Chukua Sheria ya Cable, 1922. Mwanamke Mmarekani akiolewa na mwanamume asiyestahili uraia kwa sababu ya rangi, naye alipoteza uraia wake. Mwanamume Mmarekani akioa mwanamke wa namna hiyo hakupoteza kitu. Kipengele hicho kilidumu hadi 1931. Kwa hiyo hukumu ya Ozawa haikumgusa Ozawa peke yake, iligusa kila mke wa Mjapani. Na kuhusu Utanzania wako: sheria ya 1870 iliwaruhusu wazaliwa wa Afrika kuomba uraia, Wajapani wakangoja hadi 1952. Aya hiyo wewe ndiye wa kuiandika.

Mgeni_Bondeni: Nimeifunga ile fomu. Cable ilitangulia Ozawa au ilifuata?

Bibi_Katiba: Ilitangulia. Septemba 22, kisha Ozawa Novemba 13. Zipange hivyo hivyo.