Tabora: acheni kuezua nyumba ambayo haijaandaliwa!

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Oktoba imefika, mawingu yameanza kujikusanya, na kuanzia Isevya mpaka Ipuli nyumba ziko wazi. Mabati ya zamani yamelundikwa chini ya mwembe, kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimebaki juu kama mbavu, na ndani makochi yamefunikwa shuka. Shuka! Fundi ameezua nyumba nzima asubuhi, mchana ndio anagundua wolpleti, ule ubao unaolala juu ya ukuta, imeliwa na mchwa, jioni anaondoka kutafuta mbao. Kesho yake haonekani. Mvua ikipiga saa kumi, nani analipa silingi, yaani dari?

Wenye nyumba na sisi tuna makosa. Tunauliza swali moja tu: "Kuezeka shilingi ngapi?" Kuezua hatuulizi. Kukagua mbao, kufunika usiku, kuokota misumari, hatuulizi. Fundi anataja bei ya alichoulizwa, na kazi ambayo haina bei haifanyiki. Kupigilia bati kwenye nyumba ya kawaida ni siku mbili au tatu. Kuiandaa nyumba ni wiki mbili, na hizo wiki mbili hakuna anayezitaka.

Halafu majira. Mvua za Tabora ni Novemba hadi Aprili, mtoto wa darasa la tatu anajua. Kiangazi chote kuanzia Juni mafundi wapo na mbao zinakauka vizuri. Lakini hela ya tumbaku ikichelewa kidogo, au mtu akianza na bodaboda kwanza, kazi inasukumwa mpaka Oktoba. Hapo kila mtu anamtaka fundi huyohuyo, naye anaezua nyumba tatu kwa mpigo ili asipoteze wateja. Kama hela imekuja Oktoba, nunua vifaa, vitunze, ezeka Mei. Paa linalovuja sehemu mbili ni afadhali kuliko nyumba isiyo na paa.

Sasa ukaguzi, maana hapa ndipo kazi zinapoharibika. Wiki mbili kabla, fundi apande darini na tochi, nyundo na bisibisi. Aanzie kwenye wolpleti, kwa sababu mchwa wa huku hupanda na ukuta. Njia yao ni mshipa wa udongo mwekundu, unene wa penseli, unaopita kwenye ufa wa plasta na kupotelea nyuma ya ubao. Kwa nje ubao utauona mzima kabisa, rangi ipo, kona zimenyooka. Ugonge kwa nyundo: ubao mzima unalia kavu, ulioliwa unalia kama debe tupu. Chomeka bisibisi kwa nguvu ya mkono tu. Ikizama sentimita moja au zaidi, ubao huo unatoka, hakuna mjadala. Weka alama ya chaki kwenye kila ubao mbovu, hesabu, kisha nunua mbao HIZO KABLA ya bati la kwanza kung'olewa. Fundi anayekwambia "tutaona tukishafungua" anakwambia nyumba yako italala wazi.

Mninga wa zamani mara nyingi bado ni mzima, usiutoe kwa sababu tu umekuwa mweusi. Paina na mlingoti bila dawa havidumu hapa. Na mbao zilizotiwa dawa, ukizikata, lile tumbo jeupe linalotokea halina dawa. Kila kichwa kilichokatwa kipakwe dawa kwa brashi mara mbili kabla hakijapanda juu. Hii hatua inarukwa karibu kila saiti, na mchwa huingilia hapohapo. Oili chafu ya gari inakaa juu juu tu, haiingii ndani ya ubao.

Nyumba za tofali mbichi ndizo zinazoniumiza zaidi. Paa si kifuniko tu, uzito wake na zile kenchi ndivyo vinavyoshika kichwa cha ukuta. Ukiondoa paa lote kwa pamoja, ule ukuta wa pembetatu wa mwisho unabaki umesimama peke yake, na upepo wa jioni unatosha kuulaza. Uegemezwe kwa miti pande zote mbili kwanza. Vichwa vya kuta vifunikwe nailoni kila jioni, kwa sababu maji yakiingia kutoka juu, tofali mbichi linarudi kuwa tope.

Umeme. Kuzima meni swichi HAKUTOSHI. Waya unaotoka kwenye nguzo mpaka kwenye luku bado una moto hata nyumba nzima ikiwa giza, na mara nyingi umefungwa palepale kwenye fishabodi, ubao wa ukingo wa paa, ambako kijana atapitisha bati la mita 3 mkononi. Nenda TANESCO mapema, waombe wakate kwenye nguzo na warudishe kazi ikiisha. Fundi bati asiguse waya huo hata akikuapia kwamba ameshazoea. Wenye sola, paneli ikiwa juani inatoa umeme hata ukichomoa betri. Ifunike blanketi nzito kwanza ndipo ufungue waya.

Vifaa: piga hesabu, usikisie. Chukua nyumba ya mita 9 kwa 12, paa la pande mbili, mteremko wa nyuzi 22, na bati linatokeza sentimita 60 kila upande. Nusu ya upana ni 4.5, ongeza 0.6, unapata 5.1. Kwa mteremko huo inakuwa mita 5.5 kutoka kofia (bati la kufunika mgongo wa paa) mpaka ukingoni. Urefu ni mita 13.2. Bati linalofunika sentimita 75 (pima upana UNAOFUNIKA baada ya kulaliana, si upana wa bati zima) linakupa 18 kwa mstari. Mawili ya mita 3 kwenda chini, yakilaliana sentimita 15, yanafika mita 5.85, yanatosha. Kwa hiyo 18 mara 2 mara 2: mabati 72. Kofia za mita 2, zikilaliana sentimita 15, ni 8. Papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, zikiachana sentimita 90 ni mistari 8 kila upande, jumla karibu mita 211. Kwa papi za futi 12 ni 58, nunua 64 kwa sababu ya viungo na zilizopinda. Misumari mitatu kwa kila bati kwenye kila papi inafika 864, na kingo zinataka zaidi, hivyo andaa kama 1,000. Kama paa lina kona na mabonde, hesabu hii haifai, fundi apime.

Kuhusu geji, ile namba ya unene wa bati: namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba. Geji 30 ni kama milimita 0.3, geji 28 ni kati ya 0.35 na 0.4. Nenda dukani na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, pima ukingo wa bati lenyewe, usisome maandishi. Na ukumbuke rangi nayo inaongeza unene.

Yakifika nyumbani yasilale juu ya udongo wala karibu na saruji. Yapandishe juu ya magogo, upande mmoja uinuke, yafunike lakini hewa ipite. Maji yakinaswa kati ya bati na bati huleta kutu nyeupe hata kabla hayajapanda.

Na maturubai. Upande mmoja wa nyumba hii unataka maturubai matatu ya mita 6 kwa 8, mita 8 ziteremke na paa ili sehemu ya juu ivuke mgongo wa nyumba mita moja na nusu. Yafungwe kamba kwenye kenchi, si kuwekewa matofali juu, maana upepo ukija tofali ndilo litamwangukia mtu. Kama hakuna maturubai saiti, hakuna kuezua. Basi.

#2 – Fundi, Ng'ambo

Mkuu, umesema kweli lakini umetuegemea sana sisi. Ngoja niseme ya upande wetu.

Mwenye nyumba ananunua papi za "mbili kwa mbili" bila futi mkononi. Ukizipima ni inchi moja na nusu, na mbichi. Msumari ukiingia ubao unapasuka, mwezi ukipita ubao umekauka, umepinda na msumari umelegea. Halafu mvua ikipita kwenye tundu la msumari anayetukanwa ni fundi. Tumeni fundi aende na nyinyi dukani, mlipeni nusu siku, itawarudia.

Pili, tukifika saa moja asubuhi tunakuta kitanda kipo, watoto wamelala, mama yupo jikoni na sufuria motoni chini ya bati tunalong'oa. Kutu, mavumbi na misumari vinashuka wapi? Chumba kinachofunguliwa siku hiyo kiwe kitupu kabisa. Nje, mita 3 kuzunguka nyumba pawe wazi: kuku, baiskeli, tenki la maji, kamba za nguo, vyote viondoke. Matawi ya mwembe yanayogusa paa yakatwe wiki moja kabla, si tukiwa juu. Bomba la gata litolewe kwenye tenki na kisima kifunikwe. Na mvua mbili tatu za kwanza za bati jipya ziachwe zimwagike, zina mafuta ya kiwandani na vumbi la chuma.

Tatu, andikeni. Mabati chakavu ni ya nani? Ugomvi mkubwa wa kazi hizi ni huo. Anayebaki nayo aandikwe siku ya kwanza, pamoja na mbao chakavu. Hela ya ufundi igawanywe: ya kuanzia, ya upande wa kwanza ukishafungwa, ya mwisho kofia zikishapigwa na misumari imeokotwa. Fundi aliyepewa yote mwanzoni anaondoka, nami sitamtetea.

Kuhusu kung'oa: kofia ndiyo inaanza kutoka, halafu bati lililopigwa mwisho ndilo linatoka kwanza. Ukishindana na mlaliano unachana mabati ambayo yangeezeka jiko au banda. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana chini yake kuna papi, katikati bati lenye kutu halikubebi. Na msipitishe grainda kwenye bati jipya. Cheche zinaunguza rangi na zinki, vumbi lake likinyeshewa linaacha madoa ya kutu paa zima. Mkasi wa bati upo kwa kazi hiyo.

#3 – Mchangiaji, Cheyo

Naongezea silingi, kwa sababu watu wanadhani silingi ya jipsamu itabaki salama kwa vile haiguswi. Imefungwa kwenye mbao zilezile zinazogongwa. Papi zikipigiliwa, mtetemo unafungua viungo, vichwa vya skrubu vinatokeza na nyufa zinafuata mstari wa kila bodi. Anayetaka kuiokoa afunge bati kwa skrubu badala ya misumari, na kung'oa kufanywe kwa mtaimbo polepole. Ikilowa usiku mmoja tu inashuka tumbo, hata ikikauka hairudi. Kama silingi ni ya zamani na tayari ina madoa, itoeni kwanza, mtaokoa muda na mtaona mbao zote bila kubahatisha.

Darini kuna kinyesi cha popo cha miaka. Msikifagie kikavu, vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu. Nyunyizeni maji, vaeni barakoa, zoeni kwenye mifuko.

Na NYUKI. Huu ni mkoa wa asali na bado watu wanapanda na nyundo bila kusikiliza. Jioni kabla ya kazi weka sikio ukutani chini ya fishabodi. Ukisikia mngurumo, au ukiona nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu moja, kazi isimame mpaka mrina asali awatoe usiku. Kijana aliye juu ya kenchi akivamiwa hana pa kukimbilia.

#4 – Mchangiaji, Kanyenye

Swali: nyumba ya zamani, imeezekwa yale mabati mazito ya kijivu kama saruji. Fundi anasema tuyavunje kwa nyundo tuyashushe vipandevipande, ndio haraka. Ni sawa?

#5 – Mwanzisha uzi

HAPANA. Mwambie ashuke sasa hivi. Mabati hayo ya saruji ya zamani yanaweza kuwa na asbesto, na ukiyavunja unatoa nyuzi ndogo zisizoonekana zinazoingia kwenye mapafu na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Usiyavunje, usiyakate, usiyafagie. Hiyo ni taka hatarishi, anza kwa kuuliza NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu wa kuyatoa na mahali pa kuyapeleka. Yanaloweshwa, yanatolewa yakiwa mazima, yanafungwa nailoni mbili. Wala usimgawie jirani akaezekee banda la kuku.

Fundi wa Ng'ambo, nimekubali ya papi na ya chumba kitupu. Ila na wewe kubali hili: upande mmoja kwa wakati mmoja, na kipande mnachoweza kukifunga siku hiyohiyo. Mnaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mabati kumi na mbili ya kipande cha kwanza yanatoka, mbao zenye alama ya chaki zinabadilishwa, papi mpya zinapigwa, mabati mapya yanapanda kuanzia upande ambao upepo hautokei, msumari kwenye mgongo wa bati na si bondeni. Ikifika saa nane mchana hakuna bati jingine la zamani linalong'olewa, hata kama anga ni jeupe. Kuanzia hapo ni kufunga, kufunika turubai na kupitisha sumaku ya spika mbovu uwanjani, polepole, mara mbili, hasa pale mlangoni watoto wanapopita peku.